MVUA IKINYESHA NDIO UTAJUA PANAPOVUJA: Historia ya Nyumba za Magurudumu na Mafundi Wasiotajwa

Kila anayeshinda Instagram ameshaiona ile picha. Trela ya rangi ya fedha imepaki kando ya ziwa, jua linazama, dada wa Kimarekani amekaa mlangoni na kikombe cha kahawa, mbwa amelala miguuni. Chini yake kuna maneno mawili matatu kuhusu uhuru na maisha bila stresi. Laiki kibao.

Kitu ambacho hakionekani kwenye picha ni ndoo. Ile ndoo iliyowekwa katikati ya kitanda usiku wa jana, mvua ilipokuwa inapiga na tone likawa linadondoka tap, tap, tap, wenye nyumba wamejikunja upande mmoja kama watoto wa shule ya bweni. Ndoo haina laiki, kwa hiyo asubuhi inarudishwa chini ya sinki na picha inapigwa.

Kama umewahi kulala chini ya bati lenye tundu, hadithi hii unaijua tayari. Tofauti ni kwamba paa linalozungumziwa hapa linakimbia barabarani kilomita 90 kwa saa, linatikisika kutwa nzima, halafu jioni linaambiwa lizuie mvua. Na kwa zaidi ya miaka mia moja, watu wenye akili nyingi wamejaribu kila kitu kulizuia lisivuje: turubai, mbao, alumini, fibaglasi, raba. Kila mmoja alitangaza kwamba sasa basi, tatizo limekwisha. Na kila mara mvua ikanyesha.

MWANZO NI FARASI

Kabla ya magari, nyumba za magurudumu Uingereza zilikuwa za Warumani, lile kabila la wasafiri ambalo Wazungu wenzao waliwaita majina mengi, mengi yao ya matusi. Moja ya nyumba zao maarufu ilikuwa na paa la duara. Fito za mti zinakunjwa kama upinde, juu yake linatandikwa turubai nene. Turubai likichoka, linavuliwa, linavalishwa jipya. Fundi wake alikuwa mwenye nyumba mwenyewe, na mkewe, na watoto wao. Hakuna aliyewaandika majina.

Mwaka 1885 daktari mmoja wa Kiskoti, aliyewahi kufanya kazi kwenye meli za kivita na baadaye akawa anaandika vitabu vya matukio kwa ajili ya vijana, aliwaona wasafiri wale akatamani maisha yao. Ila yeye alikuwa na mkwanja. Akaenda kwenye kiwanda cha mabehewa cha mjini Bristol akaagiza atengenezewe nyumba yake, ya mbao za mahogani, ndani ina kabati la vitabu na kila kitu. Akaiita Wanderer, yaani Mzururaji. Ilikuwa nzito karibu tani mbili, inavutwa na farasi wawili. Mtumishi wake alitangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu ili kuwaonya watu barabarani kwamba mzigo unakuja. Wanahistoria wengi wanaihesabu kuwa karavani ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya starehe tu.

Mafundi wa mabehewa wa enzi hizo walikuwa na siri moja ya mapaa. Walipaka juu ya mbao rangi nzito iliyochanganywa na madini ya risasi, halafu wakiwa bado na rangi mbichi wakatandika turubai juu yake, wakalivuta mpaka likakaza, wakapaka tena na tena. Rangi na kitambaa vinashikana vinakuwa ngozi moja. Ilifanya kazi vizuri. Ubaya ni kwamba risasi ni sumu, na waliokuwa wanaipaka kila siku ndio waliokuwa wanaivuta kwa pua na kuila kwa vidole. Jina la daktari lipo vitabuni mpaka leo. Wapaka rangi wake huwasikii.

DAKTARI ALIYELOWA DETROIT

Tuvuke bahari. Marekani ya miaka ya 1910 na 1920, gari limeshuka bei na watu wa kawaida wanaanza kutembea. Mwaka 1919 pale Tampa, Florida, wasafiri wa magari walianzisha chama chao na kujiita Watalii wa Makopo. Alama yao ilikuwa kopo la bati lililochomelewa kwenye mfuniko wa rejeta. Walilala kwenye mahema yaliyofungwa ubavuni mwa gari, au kwenye vitrela vidogo vyenye hema la kukunja.

Sasa sikia hii. Mwaka 1929 daktari mwingine, huyu mtaalamu wa bakteria wa Detroit, alinunua trela moja ya hema. Muuzaji alimwahidi kwamba inafunguka kwa dakika chache tu na inakuwa nyumba isiyopitisha maji. Akawabeba mke na watoto wakaenda kupiga kambi. Usiku mvua ikaanza. Daktari akahangaika na lile hema muda mrefu gizani, kamba huku, mti kule, na familia nzima ikalowa chapachapa.

Ule usiku ndio uliozaa kiwanda. Jamaa akarudi nyumbani na hasira zake, akamtafuta seremala, akamwambia amtengenezee kitu ambacho hakikunjwi. Boksi tu. Kuta ngumu, paa gumu, mlango, magurudumu. Seremala akatengeneza kwa hadibodi, zile mbao nyembamba za unga wa mti uliogandamizwa. Watoto wa daktari wakaitania wakiiita gari la turubai, kama yale mabehewa ya wahamiaji wa zamani waliokwenda magharibi. Jina likaganda. Mapema 1930 akaipeleka kwenye maonyesho ya magari ya Detroit kwa bei ya dola 400, akapata oda zaidi ya mia moja. Kufika mwaka 1936 kampuni yake ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote za trela Marekani.

Angalia vizuri hapo. Historia inamkumbuka daktari kwa sababu alilowa. Aliyejua jinsi ya kuunga ubao na ubao mpaka maji yasipite anaitwa "seremala", basi. Hiyo ndiyo tabia ya hadithi hii kuanzia mwanzo mpaka mwisho: anayelowa akiwa na pesa anapata jina, anayeziba anapata ujira.

Na je, boksi lile lilikuwa halivuji? Lilivuja. Mapaa ya trela nyingi za miaka ile yalikuwa mbao au hadibodi iliyofunikwa kitambaa na kupakwa rangi. Jua la kiangazi linaipasua rangi, baridi ya usiku inazipanua nyufa, mvua inaingia. Kwa hiyo kila msimu mwenye trela alipanda juu na ngazi, akakwangua sehemu iliyobabuka, akabandika kiraka cha turubai kwenye rangi mbichi, akapaka juu yake. Aliyeruka msimu mmoja aliona hadibodi inavimba kama mkate uliomwagikiwa chai.

WALIPOANZA KUISHI HUMO

Miaka hiyohiyo ya 1930 uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka. Watu walipoteza kazi, wakapoteza nyumba. Trela iliyotengenezwa kwa ajili ya likizo ikageuka kuwa nyumba ya kudumu. Kuna mtabiri mmoja maarufu wa uchumi aliyesema kwamba ndani ya miaka ishirini nusu ya Wamarekani watakuwa wanaishi kwenye trela. Alikosea, ila hakuonekana mwehu. Miji mingi ilishaanza kuogopa na kuweka sheria za kuwafukuza wenye trela wasipaki ndani ya mipaka yao.

Halafu vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Viwanda vya silaha vilihitaji wafanyakazi haraka kuliko nyumba zinavyoweza kujengwa, serikali ikanunua trela kwa maelfu na kuzipanga kwenye viwanja karibu na viwanda. Wanawake waliokuwa wanatengeneza ndege na meli walitoka zamu wakarudi kulala kwenye boksi la mbao.

Hapo ndipo mvujo ulipobadilika maana. Mtu wa likizo paa likivuja anakasirika, anawasha gari anarudi nyumbani. Mtu ambaye trela ndiyo nyumbani hana pa kurudi. Godoro likilowa ndio godoro hilohilo. Mtoto akikohoa kwa sababu ya ukungu kwenye kona, anakoholea hapohapo. Kwa hiyo wakazi wa viwanja vile walifundishana: nani ana turubai lililobaki, nani ana lami, nani anajua kukaza kona.

NDEGE ISIYO NA MBAWA

Wakati huohuo kule California kulikuwa na fundi wa ndege zisizo na injini, zile zinazoelea na upepo. Huyu jamaa ndiye aliyewahi kusimamia utengenezaji wa ile ndege iliyovuka bahari ya Atlantiki mwaka 1927 ikiwa na rubani mmoja peke yake. Mwaka 1934 akatengeneza trela kwa akili ya ndege: mifupa ya chuma, ngozi ya alumini, imeshonwa kwa ribiti mamia kwa mamia, umbo kama yai. Biashara haikumwendea vizuri. Mwingine akaichukua ile staili, na mwaka 1936 akatoa trela ya Airstream iliyoitwa Clipper. Ndiyo mama wa ile trela ya fedha unayoiona Instagram.

Alumini haiozi. Haivimbi. Watu wakasema sasa basi.

Ila fikiria kitu kimoja: ribiti ni nini? Ribiti ni tundu lililozibwa. Trela yenye ribiti mia tano ina matundu mia tano, na kila moja linategemea uvumilivu wa fundi aliyeligonga siku ile. Alumini nayo jua likipiga inatanuka, usiku inasinyaa. Kila siku, kila ribiti, kidogo kidogo.

Mwaka 1959 msafara wa trela 41 za Airstream ulishushwa Cape Town kwa safari ya kwenda Cairo kwa barabara. Safari ilichukua zaidi ya siku 200, na ndani yake walipita Kenya na Ethiopia. Barabara nyingi zilikuwa za vumbi, matope na mawe. Picha rasmi za ule msafara ni kali kinoma: wamejipanga duara porini, piramidi nyuma yao. Kwa nyumba iliyoshonwa kwa ribiti, safari ile ilikuwa mtihani kuliko likizo yoyote: kilomita elfu ishirini na kitu za kutikiswa. Ila ambacho picha hazionyeshi ni watu waliokuwa chini ya trela na juu ya trela jioni wakati wengine wanapika.

MSHONO NDIO ADUI

Airstream ilikuwa ya wenye nazo. Mtu wa kawaida wa miaka ya 1950 alinunua trela ndogo ya mviringo ambayo Wamarekani wanaiita kopo la nyama, kwa sababu ukiitazama kwa ubavu inafanana na kopo la nyama ya nguruwe. Ndani ni fremu ya mbao nyepesi. Nje ni mabati membamba ya alumini. Pale bati la paa linapokutana na bati la ubavu, linafungwa na ukanda wa alumini uliokazwa kwa skrubu, na chini ya ukanda huo kinabandikwa kitu kama ubani uliotafunwa, puti, ili maji yasipite.

Hapa ndipo ilipo siri ya hadithi nzima, na fundi yeyote atakwambia. Maji hayana shida na bati. Yana shida na mshono. Paa zima linaweza kuwa zima, lakini mahali kipande kinapokutana na kipande, mahali kidirisha cha hewa kilipokatwa, mahali antena ilipofungwa, hapo ndipo vita ilipo.

Puti ikikaa miaka kumi inakauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Trela inatikisika, skrubu inalegea. Maji yanafuata shingo ya skrubu mpaka kwenye mbao. Mbao inaanza kuoza, na mbao iliyooza haishiki skrubu, kwa hiyo skrubu inalegea zaidi, na maji yanaingia zaidi. Mzunguko huo ukianza hausimami wenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa trela msemo huu hauna mafumbo ndani yake. Wapo walionunua trela ya bei chee, wakabandua ukuta ili kuziba doa dogo, wakakuta hakuna ukuta. Kuna unga wa mbao umesimama kwa mazoea.

Ubaya wa pili ni kwamba maji ni mwongo. Yakiingia mbele kwenye kona, yanatembea juu ya dari, yanateremka na ubao wa fremu, yanatokea nyuma juu ya kitanda. Mwenye trela anaona doa juu ya kitanda, anapanda juu anapaka gundi pale pale, anashuka anajisifu. Mvua ijayo, doa lilelile.

Ndiyo maana mafundi wa zamani walikuwa hawaanzi na gundi. Walianza na uchunguzi. Mmoja anakaa ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji. Wanamwagia kuanzia chini, wanapanda taratibu kwenda juu, kwa sababu ukianzia juu maji yanateremka kila mahali na hujui yameingia wapi. Baadaye ikaja mbinu nyingine tamu: feni kubwa inafungwa kwenye kidirisha cha juu inasukuma hewa ndani, matundu mengine yote yanafungwa, halafu nje fundi anapaka maji ya sabuni kwenye mishono. Panapovuja, sabuni inatoa mapovu. Ni sawasawa kabisa na fundi wa pancha anavyotafuta tundu la tairi, ila hapa tairi ni nyumba.

Tundu likipatikana kazi ndio inaanza. Ukanda wa alumini unafunguliwa wote, skrubu moja moja. Puti ya zamani inakwanguliwa mpaka bati ling'ae. Mbao iliyooza inakatwa na kuwekwa mpya. Siku hizi badala ya puti inabandikwa tepu ya mpira inayoitwa butili, ambayo haikauki haraka na inaendelea kunata miaka mingi. Ukanda unarudishwa, skrubu za chuma kisichoshika kutu zinakazwa, butili inachuruzika pembeni. Fundi haikati siku hiyo. Anasubiri kesho yake, anakaza tena, ndio anakata. Kazi ya wikiendi mbili kwa trela ndogo. Wengi hawana uvumilivu huo, wanapaka lami juu ya kila kitu. Lami inaziba miezi, halafu inapasuka, na fundi anayekuja baadaye anakuta pango la lami la kukwangua kabla hajaanza hata kulitafuta tundu.

TRELA ILIYOTOKA KWENYE TANGI LA CHOO

Utacheka, ila hii ni kweli. Mwaka 1968 pale Winnipeg, Kanada, mvumbuzi mmoja aliyekuwa ameshatengeneza tangi la maji taka la fibaglasi alijiuliza swali rahisi: kama tangi hili halivuji kwenda nje, kwa nini nyumba isitengenezwe hivihivi isivuje kuja ndani? Akatengeneza trela ndogo kwa vipande viwili tu, cha juu na cha chini, kama yai lililokatwa katikati, vikaunganishwa kiunoni. Ikaitwa Boler. Paa halina mshono hata mmoja. Maji yanateleza tu.

Trela hizo zipo barabarani mpaka leo, zaidi ya miaka 50 baadaye, na watu wanazigombania. Ukiondoa alumini ya bei mbaya, ni chache za umri wake zilizobaki nzima kiasi hicho.

Lakini hata yai lina mlango. Boler ilihitaji dirisha la hewa juu, na dirisha ni tundu. Makabati ya ndani yalishikiliwa na ribiti zilizopenya ngozi ya nje, na ribiti, kama ilivyosemwa, ni tundu lililozibwa. Kwa hiyo wenye Boler nao wana makopo yao ya gundi chini ya kitanda. Wachache tu kuliko wengine.

ZAMA ZA RABA

Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vya Marekani, ambavyo vingi viko eneo la Elkhart, jimbo la Indiana, vilianza kufunika mapaa kwa shuka moja la raba. Shuka linatandikwa kutoka mbele mpaka nyuma, linabandikwa kwa gundi. Hakuna bati la kuunga juu. Wakasema sasa basi.

Halafu wateja wakataka AC juu ya paa. Wakataka madirisha mawili ya hewa. Wakataka antena, bomba la kutolea harufu ya choo, na baadaye sola. Kila kimoja kinakata tundu kwenye lile shuka. AC peke yake inahitaji shimo la inchi 14 kwa 14. Pembeni ya kila tundu inamiminwa gundi maalumu inayojitandaza yenyewe kama uji, na gundi hiyo ina maisha yake. Jua linaikausha, inapasuka nyufa nyembamba kama unywele.

Ndiyo maana vitabu vya maelekezo vya trela nyingi vinamtaka mwenye nayo apande juu akague mara kwa mara, vingine kila siku 90. Nani anasoma kitabu hicho? Mtu anasoma siku doa limeshatokea, anakwenda dukani kudai waranti, anaulizwa: ulikagua lini mara ya mwisho?

Makosa ya zama hizi ni mawili. La kwanza ni kupaka vitu vyenye mafuta ya petroli kwenye raba, vinaivimbisha na kuiharibu. La pili ni silikoni. Silikoni inauzwa kila duka la vifaa, ni rahisi, inaonekana safi. Tatizo ni kwamba ikishakaa, hakuna kinachokubali kushika juu yake, hata silikoni mpya. Wazee wa viwanja vya trela wakimuona kijana na ile bomba ya silikoni mkononi wanamsimamisha kabla hajafika kwenye ngazi.

MWAKA 2005

Agosti 2005 kimbunga Katrina kiliipiga New Orleans na pwani ya Ghuba ya Meksiko. Mamia kwa maelfu ya watu walibaki bila nyumba. Serikali ya Marekani ikanunua trela na nyumba za kuhamishika kama 145,000. Viwanda vilifanya kazi mbiombio. Familia zikapangwa kwenye viwanja, zikaambiwa ni kwa muda.

Watu wakaanza kuumwa. Macho yanawasha, pua zinatoka damu, watoto hawapumui vizuri. Vipimo vya serikali vilivyotangazwa mwaka 2008 vilionyesha hewa ndani ya nyingi ya trela hizo ilikuwa na kemikali ya formaldehaidi kwa kiwango cha juu kuliko nyumba za kawaida. Inatoka kwenye gundi ya mbao za kugandamizwa. Na inatoka kwa wingi zaidi penye joto na unyevu.

Joto na unyevu. Louisiana, kiangazi. Ukiongeza paa linalovuja ndani ya boksi kama hilo, umeongeza kile hasa ambacho sumu inakipenda. Mama aliyekuwa anahangaika kuziba kona ya chumba cha mtoto kwa tepu alikuwa anapambana na zaidi ya godoro kulowa, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Baadaye trela hizo ziliuzwa kwa mnada, zikiwa zimebandikwa onyo kwamba zisitumike kuishi watu. Onyo ni karatasi. Zilinunuliwa, zikauzwa tena, na watu wakaishi humo, kwa sababu mtu asiye na nyumba hasomi stika.

WALIOBAKI BARABARANI

Uchumi ulipoporomoka tena mwaka 2008, Wamarekani wengi wa umri wa bibi na babu walipoteza nyumba na kuhamia kwenye magari na trela, wakizunguka kutafuta vibarua vya msimu. Filamu ya Nomadland, iliyobeba Oscar ya filamu bora mwaka 2021, inawahusu hao. Kila majira ya baridi maelfu yao wanakusanyika jangwani Quartzsite, Arizona, ambako mvua ni chache na kupaki ni bei ndogo.

Ukitaka kujua chuo cha kuziba mapaa kiko wapi, ni huko. Hakina cheti. Kuna mstaafu mwenye ngazi na bunduki ya gundi anayepita trela kwa trela. Kuna mama aliyejifunza baada ya mume kufariki, kwa sababu paa halikusubiri aomboleze. Kuna kijana mwenye tepu ya butili aliyeoneshwa na mama huyo na sasa anamwonesha mwingine. Malipo wakati mwingine ni pesa, wakati mwingine ni sahani ya chakula. Watu kama hawa hawana jina kwenye kitabu chochote cha historia ya trela, wakati bila wao nusu ya trela zinazopigwa picha leo zingekuwa rundo la mbao zilizooza nyuma ya ghala la mtu.

Ukirudia hadithi yote toka kwa farasi, utaona kila kizazi kilitafuta paa ambalo halitahitaji mtu wa kupanda juu yake tena. Turubai, hadibodi, alumini, fibaglasi, raba. Halijapatikana. Kilichozuia maji miaka yote hii ni mtu mwenye ngazi ambaye alipanda kukagua kukiwa bado na jua.

Kwa hiyo ukiiona tena ile picha ya trela ya fedha kando ya ziwa, tazama juu ya paa. Kuna alama ya mtu pale.

Je, wewe ungeweza kuishi kwenye trela mwaka mzima, masika ikiwemo? Na kwenu nani hupanda juu bati likivuja, baba, mama au mnasubiri fundi? Dondosha maoni yako hapo chini.